Jibu la Hapana na Hesabu ya Kuhama: Mada kwa Vijana Waliohitimu na Wazazi Wao, Marani

1. Utangulizi

Nimeombwa niseme juu ya namna ya kustahimili kunyimwa kazi, na juu ya namna ya kupima shauri la kuacha kazi moja kwenda nyingine. Mambo haya aghalabu husemwa mbalimbali, lakini kwangu ni shauri moja, kwa sababu mtu asiyejua kulisoma jibu la hapana hawezi kujua lini wakati wa kungoja umekwisha na wa kuhama umewadia. Dai langu ni kwamba hapa kwetu Marani, katika Kaunti ya Kisii nchini Kenya, kunyimwa kazi hakujawadhuru vijana kwa kadiri ambavyo kungoja kumewadhuru. Na kwamba dawa yake ni kila ngojeo kupewa mwisho unaojulikana, na ndani ya muda huo iwepo kazi ya kufanya.

2. Asili ya ngojeo letu

Wazee waliomo humu wanakikumbuka Chuo Kikuu cha Kisii kabla hakijawa chuo kikuu. Kilianza mwaka 1965 kikiwa chuo cha walimu wa shule za msingi, mwaka 1983 kikapandishwa kuwa cha walimu wa sekondari, mwaka 1994 kikawa tawi la Chuo Kikuu cha Egerton, na mwaka 2013 kikapata hati yake chenyewe. Katika sehemu kubwa ya miaka hiyo kijana aliyefaulu chuo cha ualimu hakuhitaji kuomba kazi kwa maana tunayoijua leo. Alipangiwa shule, akafunga sanduku lake, akaenda. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha utaratibu huo, na tangu mwaka 2001 nafasi zikawa za kutangazwa kwa kadiri ya upungufu, zikiombwa na wengi na kupewa wachache. Basi mzazi anayemwambia mwanawe, "Mbona mimi niliajiriwa mara moja?" anasema kweli juu ya zamani zake, ila anapoigeuza kweli hiyo kuwa lawama, anamdhulumu mtoto aliyezaliwa mlango ulipokwisha kufungwa.

Baadaye likazuka jambo jingine, ambalo nia yake ilikuwa njema. Ili waliosota zaidi wasisahauliwe, miongozo ya Tume ya Kuajiri Walimu, TSC, kwa muda mrefu iliwapa alama waliohitimu zamani kuwazidi waliohitimu juzi. Ilikuwa insafu, lakini iliwafundisha vijana wetu somo ambalo hakuna aliyekusudia kulifundisha, kwamba kungoja kwenyewe ni kuchuma. Nimewaona walioacha kazi njema za mbali kwa kuchelea kupitwa na tangazo, na waliokataa kujifunza ufundi wowote kwa kuogopa kwamba majirani watasema wameuaga ualimu. Na matangazo ya Tume ya miaka ya karibuni yakaweka pia ukomo wa umri wa miaka 45. Hivyo miaka ile ile iliyomwongezea mtu alama kwa upande mmoja ndiyo iliyompunguzia muda kwa upande wa pili, naye amekaa katikati akidhani anasonga mbele.

Kungoja huku kungalikuwa na unafuu lau shamba lingaliweza kumlea mngojaji kama lilivyomlea babu yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii, na 605,576 katika Nyamira. Katika Kisii hiyo ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita moja ya mraba. Kipande kilichobaki baada ya ndugu wanne kugawana kinatosha migomba, mistari michache ya chai na labda mparachichi mmoja wa kuuzia wachuuzi wa sokoni. Hakitoshi kumweka mtu mzima na watoto wake akingoja barua.

Wala sisemi kwamba barua haiji. Mwaka 2023 walimu wengi waliingia shule za sekondari msingi kwa uanagenzi wa shilingi 20,000 kwa mwezi, na Januari 2025 wapatao 46,000 kati yao walipewa ajira ya kudumu. Wapo miongoni mwetu waliokubali uanagenzi huo na kuchekwa kwa udogo wa ujira, na leo wamo kazini. Wapo pia walioungoja ule ulio kamili, na wangali wakingoja. Subira huvuta heri, lakini wahenga hao hao walisema ajizi ni nyumba ya njaa, na busara yote i katika kuzitambua hizi mbili zinapofanana sura.

3. Namna ya kulisoma jibu la hapana

Na tuitazame siku yenyewe ya mahojiano. Benchi limewekwa nje ya ofisi ya shule. Waombaji wameketi kwa mfuatano wa kufika, kila mmoja na nakala zake zilizopigwa muhuri, kila mmoja akimkadiria jirani yake kwa pembe ya jicho kujua alihitimu mwaka gani na anafundisha masomo gani. Ndani, jopo linatazama vyeti, linauliza maswali machache, linaandika alama. Jioni au siku ya pili karatasi inabandikwa ukutani, na kwa nafasi moja iliyokuwapo limeandikwa jina moja juu ya mengine. Watu hulisoma jina lao lililo chini kama hukumu juu ya akili yao, malezi yao, pengine hata bahati ya ukoo wao. Karatasi ile haikusema hayo yote. Imesema kwamba kwa nafasi hii, siku hii, kwa kanuni hizi, fulani alitangulia.

Jibu la hapana lina aina tatu, na kila aina ina tadbiri yake. Ya kwanza ni hapana ya hesabu: waombaji arubaini, nafasi moja, na wewe huna dosari ila kwamba si wa kwanza. Hapana hii haina fedheha wala funzo. Hulipwa kwa kuomba pengine. Ya pili ni hapana ya upungufu, na hii ina funzo kwa mwenye kulitafuta. Ziko barua za maombi zinazopelekwa shule ya pili zikiwa bado na jina la shule ya kwanza. Wako wanaoulizwa namna ya kufundisha mada moja ya somo lao, wakajibu kwa kueleza shida za nyumbani. Iko michanganyiko ya masomo ambayo walimu wake ni wengi kuliko vipindi vyake. Mtu akinyimwa mara kwa mara mahali ambapo wenzake wa mwaka ule ule wanapokelewa, na amtafute mwalimu mkuu mmoja mkweli, amkabidhi faili lake, amwombe alisome kama msaili na amwambie asichopenda kusikia.

Ya tatu ni hapana ya dhuluma, au inayodhaniwa kuwa ya dhuluma. Juu ya hii nasema mambo mawili. Kwanza, msinung'unike sokoni kabla hamjauliza ofisini. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010, pamoja na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015, zinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiofisi haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Na Ibara ya 35, ikifuatwa na sheria ya mwaka 2016, inampa mwananchi haki ya kupata habari zilizoko kwa serikali. Barua ya ukurasa mmoja, yenye adabu, inayouliza alama zako na kanuni iliyotumika, na ambayo nakala yake iliyopigwa muhuri wa kupokelewa umeiweka, ina nguvu kuliko manung'uniko ya mwaka mzima. Pili, dhuluma haitibiwi kwa kununua dhuluma nyingine. Tume imeonya mara nyingi kwamba kazi haziuzwi, na kwamba wako matapeli wenye barua bandia. Mzazi anayeuza ng'ombe ili kumpa mtu asiyemjua "kitu kidogo" amempoteza ng'ombe, na akizidi bahati mbaya, amempeleka mwanawe kortini akiwa na barua ya uongo mkononi.

Liko na jambo dogo la fedha ambalo wengi hawalijui. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ajira ya mwaka 2022, mwajiri hapaswi kumdai mwombaji vyeti vya kuthibitishwa, kama kile cha maadili kutoka polisi au cha kodi, isipokuwa anakusudia kuandikiana naye mkataba. Kijana ambaye kila mwaka hukopa nauli na ada kuvifuata vyeti hivyo Kisii mjini, kwa kazi ambazo hajaitwa hata mahojiano, anajitoza kodi ambayo sheria imemwondolea.

Na nyinyi wazazi, nawasihi jambo moja. Kijana aliyenyimwa hapati uchungu wake wote katika ofisi ile, sehemu kubwa huipata matangani, kanisani na njiani, anapoulizwa na kila ajaye, "Bado tu?" Faraja anayoihitaji ni kupewa shughuli yenye heshima na kuachwa aieleze habari yake mwenyewe atakapopenda.

4. Namna ya kupima kuhama

Husemwa mchagua jembe si mkulima, na methali hii hutumiwa kuwasukuma vijana waipokee kazi yoyote itokeayo. Lakini hakuna mkulima wa Marani anayenunua jembe pasipo kulitazama mpini. Kuchagua si kiburi, mradi mtu awe na kipimo; nami napendekeza maswali matatu.

Swali la kwanza ni la baki. Tuseme mwalimu wa bodi, anayelipwa na wazazi shilingi 12,000, ameitwa Nairobi kwa kazi ya ofisini ya shilingi 28,000. Bima ya afya ya asilimia 2.75, tozo ya nyumba ya asilimia 1.5, akiba ya uzeeni ya asilimia 6 na kodi kidogo ya mapato hukaribia 3,150. Akipanga chumba kwa 8,000, akatumia nauli 150 kwa siku 26, yaani 3,900, na chakula 9,000, hubakiwa na shilingi 3,950. Hapa nyumbani, baada ya makato ya lazima yapatayo 1,230, na akitoa 4,000 za jikoni, hubakiwa na 6,770. Aliyedhani anapanda, kwa hesabu hii ameshuka. Ingawa ni lazima tuongeze kwamba ujira wa bodi huja karo inapolipwa, na muhula wa njaa huweza kupita bila senti.

Kwa hiyo hesabu haitoshi, na swali la pili ni la maarifa: baada ya miaka miwili katika kazi hii, nitakuwa najua kufanya nini ambacho sasa sikijui, na nani mwingine atanilipa kwa kukijua? Kazi ya baki ndogo yenye elimu kubwa huweza kuwa bora. Kazi yenye baki ndogo na elimu ndogo ni ya kukataliwa bila majuto. Mwandishi Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha tangu 1926 hadi 1944, kisha akapita ofisi nyingine za serikali hata ile ya upimaji ardhi Tanga. Mshahara wake uliitwa wa ukarani, lakini umahiri wa uandishi aliokuwa akiukuza pembeni ndio uliomwachia jina.

Swali la tatu ni la mlango wa nyuma: mambo yakiharibika, nitasimama wapi? Mwezi wa Februari 1999 Simeon Nyachae, mtu wa Nyaribari jirani zetu, aliondolewa Wizara ya Fedha akapewa ile ya Viwanda, akaikataa, akajiuzulu. Wengi walisifu ujasiri wake. Mimi nataka muone na msingi wake: alikuwa mfanyabiashara tangu zamani, na kesho yake haikutegemea kalamu ya mtu mmoja. Uhuru wa kusema hapana hununuliwa kabla ya siku ya kuuhitaji. Kwenu nyinyi huenda msingi huo ukawa ufundi wa muda mfupi katika Chuo cha Taifa cha Ufundi cha Kisii, au akiba ya miezi mitatu, au chai iliyopaliliwa. Na anayefikiria kazi za nchi za Ghuba na aongeze uangalifu: athibitishe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira kwamba wakala amesajiliwa, asome mkataba wenye mshahara ulioandikwa kabla ya kutoa pasipoti, na aiache nakala kwa mtu wa nyumbani.

5. Mapendekezo ya kujadiliwa

Naleta mbele ya semina mapendekezo manne. Mosi, kila mhitimu aandike, pamoja na wazazi wake, tarehe ambayo ngojeo la kazi anayoitaka litatazamwa upya, na kazi atakayofanya hadi hapo. Tarehe ikifika bila barua, haachi kuomba, bali anaacha kuyapanga maisha yake kwa kuitegemea. Pili, waombaji wa eneo moja wawe na kikundi cha kusomeana barua na kufanyiana mahojiano ya majaribio, wakisimamiwa na walimu wastaafu, ambao Marani haina upungufu wao. Tatu, shule zinazowaajiri walimu wa bodi ziwape barua zinazotaja masomo, vipindi na miezi waliyofundisha, kwani utumishi usioandikwa haumsaidii mtu mbele ya jopo. Nne, matokeo ya mahojiano yabandikwe pamoja na alama za kila mwombaji, ili aliyeshindwa ajue ameshindwa kwa nini na kwa kiasi gani.

La nne litapingwa, na ningependa tulianze hilo. Wako watakaosema kwamba alama zikiwa wazi zitamwaibisha aliye chini. Mimi naona kwamba aliye chini huaibishwa zaidi na uvumi, na kwamba kijana aliyekosa kwa alama mbili hatahangaika kama yule asiyejua kama alikosa kwa mbili au kwa arubaini. Walimu wakuu waliomo humu ndio watakaotuambia kinachowezekana.