Bomba ni Moja: Ushindani Utoke Wapi?



Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyahesabu maji, nguvu za umeme na mawasiliano miongoni mwa njia kuu za uchumi zinazopaswa kuwa chini ya wananchi. Sababu zake za kisiasa zimekwisha kuelezwa mara nyingi. Lakini ipo pia sababu ya uchumi mtupu, ambayo hata wapinzani wa Azimio hawana njia ya kuikataa. Maji ya Dar es Salaam kwa sehemu kubwa hutoka mto Ruvu, katika mitambo ya Ruvu Juu iliyojengwa mwaka 1959 na ile ya Ruvu Chini ya mwaka 1976. Hakuna tajiri mwenye akili timamu atakayetandika bomba la pili kandokando ya lile la kwanza ili agombee wateja wale wale. Mwenye duka la sukari akipandisha bei, mnunuzi huvuka barabara akaenda duka la pili. Mwenye bomba akipandisha bei, mnunuzi hana pa kuvukia.

Katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipoanza kukabidhiwa kwa watu binafsi, wataalamu walikuja na jibu lao. Ikiwa ushindani hauwezekani ndani ya bomba, walisema, basi na uwe mlangoni: makampuni yashindane kwa zabuni kupata haki ya kuliendesha bomba kwa miaka kadhaa, na mwenye masharti nafuu ndiye apewe. Hoja hiyo si ya kipumbavu. Ila inadai mambo mawili, kwamba mlangoni wafike watu zaidi ya mmoja, na kwamba mshindi akishaingia awepo wa kumkagua.

Dar es Salaam ililijaribu jibu hilo, tena si kwa hiari kamili, maana Benki ya Dunia na wakopeshaji wenzake waliweka uendeshaji wa kampuni binafsi kuwa sharti la mikopo ya kukarabati mfumo wa maji. Makampuni matatu ya nje yalipitishwa kuingia katika zabuni. Mwishowe ililetwa zabuni moja tu. Hivyo ule ushindani wa mlangoni, ambao ndio uliokuwa msingi wa hoja yote, haukuwako.

Kampuni ya City Water, iliyoundwa na Biwater ya Uingereza na Gauff ya Ujerumani pamoja na mshirika wa humu nchini, ilianza kazi Agosti 2003 kwa mkataba wa miaka kumi. Mitambo na mabomba vilibaki mali ya mamlaka ya maji, DAWASA. Kampuni ilitakiwa kukusanya ankara, kuilipa DAWASA kodi, na kupeleka fedha katika mfuko wa kuwaunganishia maji wananchi ambao hawajapata kuwa na bomba. Makusanyo hayakufikia makadirio, malipo yakakwama, na kabla ya miaka miwili kutimia kampuni ikaomba mkataba uangaliwe upya. Jambo hili lataka kutazamwa kwa makini. Mwombaji wa zabuni anaweza kuahidi makubwa siku ya kwanza, kwa kuwa akishaushika mji mzima, ni vigumu kumwambia atoke bila watu kukaa na kiu.

Serikali ilimwambia atoke. Mei 2005 ilitangaza kuuvunja mkataba, na mwezi uliofuata shirika la umma, DAWASCO, likachukua kazi. Mwaka 2008 wasuluhishi wa kimataifa waliamua kwamba Serikali ilikiuka haki za mwekezaji kwa namna ilivyomwondoa, lakini hawakumpa fidia hata senti moja, kwa kuwa hasara yake haikuletwa na ukiukaji huo.

Wengi hulisoma shauri hilo kama ugomvi wa mzalendo na bepari, na kulifunga hapo. Swali lenye faida zaidi ni nani aliyekuwa mkaguzi. Sheria ya kuunda EWURA ilipitishwa mwaka 2001, lakini mamlaka hiyo ilianza kazi mwaka 2006, mkataba ukiwa umekwisha kuvunjwa. Muda wote huo DAWASA ilikuwa mwenye mali, mwenye mkataba na msimamizi kwa pamoja. Mwenye nyumba na mpangaji wakagombana pasipo mtu wa tatu mwenye kushika daftari.

Katika simu mambo yalikwenda vingine, ingawa huko nako kuwapo kwa makampuni mengi peke yake hakukutosha. Kampuni hutoza kampuni nyingine kwa kila dakika ya simu inayoingia katika mtandao wake. Hadi mapema mwaka 2013 kiwango hicho kilikuwa shilingi 112. Mkubwa aliweza kuwapunguzia bei wateja wake wanaopigiana wenyewe kwa wenyewe na kuwaacha wa nje waumie, ndiyo maana mwananchi alitembea na laini mbili au tatu mfukoni. TCRA ilikishusha kiwango hadi shilingi 34.92 mwaka 2013, na 15.60 mwaka 2018. Hiyo haikuwa huruma bali hesabu za gharama.

DAWASA na DAWASCO ziliunganishwa mwaka 2018, na bomba liko mikononi mwa umma. Kazi ya mdhibiti haikupungua kwa ajili hiyo, kwani shirika la umma nalo laweza kuuficha uzembe wake ndani ya bei, na maji yanayovuja njiani yakalipiwa na yule mwenye mita. Kwa sababu hiyo maombi ya kubadili bei hupelekwa kwenye mkutano wa taftishi. Shirika hufika na wahasibu wake, na Baraza la Watumiaji hujibu kwa niaba ya wateja. Mwalimu wa hesabu au karani wa wilaya anayeweza kusoma jedwali la gharama ana nafasi ya kusimama na kuuliza. Mama anayenunua maji ya dumu kwenye mkokoteni, ambaye kwa kila lita hulipa zaidi ya mwenye bomba, hana mita wala ankara, na jina lake halimo katika daftari la wateja linalozungumzwa siku hiyo.