*DARASA LA ITIKADI: KAMBI ZA KIJESHI ZA KUDUMU, FUNZO LA IRAQ*



Kama tulivyoahidi, haya ndiyo tuliyozungumza tawini Jumapili, kwa faida ya waliokosa nafasi ya kufika.

Swali lilikuwa: kuna ubaya gani kukaribisha kambi ya jeshi la kigeni kama inaleta ulinzi? Tulijibu kwa mfano wa Iraq. Si mfano wa mbali sana. Vijana wengi wa Uganda, na baadhi wa Kenya, waliajiriwa na kampuni binafsi kulinda kambi hizo.

Marekani na washirika wake waliivamia Iraq Machi 2003. Kambi kama Balad na Al Asad zikakua mpaka zikafanana na miji, zikiwa na viwanja vya ndege, sinema na mabwawa ya kuogelea. Mwaka 2006 Bunge la Marekani lilikataza kwa sheria fedha zisijenge kambi za kudumu Iraq. Julai 2007 Baraza la Wawakilishi likarudia msimamo huo kwa kura 399 dhidi ya 24. Lakini Januari 2008 Seneta John McCain, akiwania urais, alisema kubaki hata miaka 100 ni sawa kwake, mradi askari wao hawadhuriwi. Neno "kudumu" lilikatazwa, lakini tarehe ya kuondoka haikuwepo. *Kambi isiyo na tarehe ni ya kudumu, iitwe jina lolote.*

Wairaqi wakadai tarehe. Mkataba ulisainiwa Novemba 2008, ukapelekwa bungeni, na tarehe 27 mwezi huo wabunge 149 kati ya 198 waliohudhuria wakaupitisha. Askari watoke mijini ifikapo 30 Juni 2009, na nchini ifikapo 31 Desemba 2011. Mazungumzo ya kuongeza muda yalikwama kwenye kinga ya askari dhidi ya mahakama za Iraq. Desemba 18, 2011 msafara wa mwisho ulivuka kuingia Kuwait.

Baadhi yenu mlisema: mbona Juni 2014 Mosul ilitekwa na Daesh? Ni hoja nzito, hatuipuuzi. Serikali iliomba msaada na Wamarekani wakarudi. Ila safari hii walirudi kwa barua za kidiplomasia, bila mkataba wa bungeni wenye tarehe. Januari 5, 2020 wabunge walipopitisha azimio la kuwaondoa, azimio halikuwa na nguvu ya kisheria. Askari wakabaki.

Kwa hiyo msimamo wa tawi si kukataa kila msaada. Nchi ikihitaji rafiki, imwite. Lakini serikali yoyote, hata ya chama chetu, tuidai mambo matatu:

1. Mkataba usomwe na kupigiwa kura bungeni, hadharani.
2. Tarehe ya kuondoka iandikwe kwa siku, mwezi na mwaka.
3. Askari wa kigeni akimdhuru raia, ijulikane mapema atashtakiwa mahakama gani.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mwenye nyumba ndiye anayehesabu siku.

Mabalozi wa mashina, jadilini mambo haya matatu na wanachama wenu, mtuletee maoni kabla ya kikao kijacho. Tafadhali sambaza.

_Imetolewa na Idara ya Itikadi na Uenezi, Tawi_