Stima za Ziwa Victoria: Hotuba kwa Watu wa Kiminini

Huenda mmoja wenu akauliza: Mkulima wa mahindi akaaye kati ya Kitale na Bungoma ana haja gani na habari za stima? Jibu lake si gumu. Maji ya mto Nzoia huishia katika Ziwa Victoria, na reli ipitayo Bungoma ina historia moja na vyombo vya ziwa hilo. Tena, jambo lililowazamisha wengi majini laweza kumwangamiza mtu hata barabarani.

Stima za kwanza za ziwa hilo zilikuwa mali ya reli. Ya kwanza, William Mackinnon, iliundwa Scotland, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa Mombasa. Wakati huo reli ilikuwa haijafika ziwani, basi baadhi ya vipande vilibebwa na wapagazi. Chombo kiliungwa upya Kisumu, kikateremshwa majini mwaka wa 1900. Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na baadaye kidogo zikaja stima kubwa zaidi, Winifred na Sybil.

Katika siku zile, msafiri aliyetoka Mombasa kwenda Uganda alishuka garini Kisumu, akapanda stima na kuvuka ziwa. Pamba ya Uganda nayo ilikuja kwa njia hiyo hiyo. Lakini katika miaka ya 1920 reli mpya ilipita Eldoret na Bungoma kuelekea Uganda, na mwaka wa 1931, daraja la mto Nile lilipokwisha kujengwa Jinja, gari la moshi likafika Kampala. Stima zikapoteza kazi yao kubwa. Hata hivyo hazikufa, kwa maana watu wa Musoma, Mwanza, Bukoba na visiwani walizihitaji bado.

Mwaka wa 1948 kazi yote ya reli na bandari katika nchi tatu iliunganishwa chini ya East African Railways and Harbours. Shirika hilo ndilo lililoleta meli Victoria, ambayo nayo iliundwa Scotland, ikaletwa kwa vipande na kuanza kazi mwaka wa 1961. Iliwachukua abiria kuzunguka miji ya ziwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, vyombo viligawanywa, na Victoria ikawa mali ya Tanzania.

Sasa yafaa kutazama jambo zito zaidi. Tarehe 21 Mei 1996 meli Bukoba ilizama karibu na Mwanza. Iliruhusiwa kuchukua abiria wapatao 430, lakini waliokufa peke yao wanakadiriwa kuwa mia nane. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipinduka Mombasa, karibu sana na nchi kavu, wakafa watu 272. Tena tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha Nyerere, kilichoundwa kwa watu 101, kilipinduka kikikaribia kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220.

Misiba hiyo mitatu ina fundisho moja. Mkulima aliyefunga magunia juu ya baiskeli anajua ya kuwa mzigo ukiwa juu mno, au ukielemea upande mmoja, baiskeli huanguka hata kama njia ni nzuri. Chombo cha majini ni vivyo hivyo. Husimama wima kwa sababu uzito wake umekaa chini na umegawanyika sawasawa. Watu wakizidi, mizigo ikirundikwa juu, au abiria wote wakikimbilia upande wa gati ili washuke kwanza, mizani huharibika, na chombo hupinduka kwa muda mfupi sana. Ufupi wa safari si kinga: watu wa Mtongwe na wa Ukara walikuwa wakiiona nchi kavu kwa macho yao.

Basi, mtu wa Kiminini aendaye kuwatazama jamaa zake visiwani na aulize chombo kimeruhusiwa watu wangapi. Akiona kimejaa, asione haya kungoja kingine. Akiwa ndani, akae mahali pake mpaka chombo kifungwe gatini. Na wakati wa mavuno, mtu asipande juu ya magunia katika lori liendalo sokoni, kwa kuwa uzito hauna sheria moja ya majini na nyingine ya barabarani. Wahenga walisema: Haraka haraka haina baraka. Aliyechelewa safari ataipata nyingine, bali aliyezama hana safari ya pili.