Kuomba Mkopo na Sifa ya Mkopaji



Kila mwanaushirika anafahamu kwamba asiyelipa deni huharibu jina lake. Lakini si wengi wanaofahamu kwamba hata kule kuomba mkopo kwaweza kuandikwa na kupimwa. Jambo hili lafaa lielezwe, kwa kuwa siku hizi mwanachama hukopa chamani, benki na hata kwa simu, na sifa yake haikai tena katika daftari la chama peke yake.

Mfano ulio wazi ni wa Marekani. Tangu mwaka 1989 wakopeshaji wa huko hutumia alama ziitwazo FICO, ambazo ni kati ya 300 na 850. Mwenye alama nyingi hupata mkopo kwa riba nafuu. Mwenye chache hunyimwa au hutozwa riba kubwa.

Maulizo juu ya mkopaji ni ya namna mbili. Ya kwanza ni pale mkopeshaji anapofungua kumbukumbu za mtu aliyeomba mkopo kwake. Ulizo moja la namna hii hupunguza alama, ingawa kwa watu walio wengi hazifiki 5. Hubaki katika kumbukumbu kwa miaka 2, lakini hesabu ya alama hutazama miezi 12 tu. Namna ya pili ni pale mtu anapotazama kumbukumbu zake mwenyewe. Hilo halipunguzi hata alama moja.

Sababu ya kupunguza ni kwamba anayebisha hodi kwa wakopeshaji wengi kwa muda mfupi huenda amekwisha kuelemewa na madeni. Hata hivyo, anayelinganisha riba haadhibiwi: katika hesabu za FICO zilizo mpya, maulizo ya mkopo wa nyumba yaliyofanywa ndani ya siku 45 huhesabiwa kuwa moja. Aidha, mikopo mipya pamoja na maulizo yake huchukua kama asilimia 10 tu ya alama, hali historia ya malipo huchukua asilimia 35. Kulipa kwa wakati ndiko kunakojenga jina.

Hesabu hiyo ni ya Marekani, wala si sheria hapa Tanzania, ambako taasisi za taarifa za wakopaji huongozwa na kanuni za Benki Kuu za mwaka 2012. Lakini funzo lake latufaa.

Mwanachama na aulize masharti na riba kwanza, ndipo ajaze fomu pale alipokusudia. Tena asiogope kutazama kumbukumbu zake. Akikuta deni lisilo lake, adai lisahihishwe mapema.

Katibu naye asifungue kumbukumbu za mwanachama pasipo maombi yaliyotiwa sahihi. Na kamati ya mikopo isimkatae mtu kwa sababu tu ameomba kwingine. Huenda alikuwa akitafuta ada ya shule au pembejeo kabla ya mvua. Imwite, imsikilize, itazame akiba yake na marejesho yake ya nyuma. Mwanachama mwaminifu akifukuzwa mlangoni kwa kosa la kuuliza, atakwenda kwa mkopeshaji wa riba kubwa, na chama kitakuwa kimempoteza mlipaji mwema.