Wanyama wasio na uti wa mgongo: chaki peke yake haitoshi



Tumeulizwa kwa nini bajeti ya sayansi safari hii ina lenzi za mkono na makopo ya plastiki, na siyo chati mpya za ukutani. Jibu letu linahusu wadudu, buibui, konokono, minyoo na wenzao. Hao ndio wanyama wasio na uti wa mgongo, na ni zaidi ya asilimia 95 ya aina zote za wanyama zinazojulikana.

Katika shule tunazozihudumia, njia iliyozoeleka ni mwalimu kuandika ubaoni na wanafunzi kunakili. Hatumlaumu mwalimu, darasa limejaa na mtihani unamsubiri. Wanafunzi wake hutaja bila kukwama kwamba mdudu ana miguu 6. Ukiwawekea buibui mezani, wengi husema naye ni mdudu. Lugha yetu inachangia, maana kwetu kila kidogo kinachotambaa ni mdudu, na hata vimelea vya malaria tunaviita wadudu. Chati husaidia kiasi, ila picha haigeuzwi ukaona tumbo.

Wanaotoka nje na kopo na lenzi huhesabu wenyewe: panzi miguu 6, buibui 8. Jongoo ana jozi mbili za miguu karibu katika kila pingili, tandu ana jozi moja. Wakishabishana juu ya hilo, hawasahau upesi. Lakini kutoka nje bila maswali yaliyoandaliwa ni matembezi tu. Watoto hurudi na panzi waliovunjika miguu na daftari tupu. Kwa hiyo tunaomba pia fedha za semina ya walimu, na hizo tunaziona muhimu kuliko lenzi.

Kinachotusumbua zaidi ni konokono. Mtoto anaweza kupata alama zote kwa kuandika kwamba konokono ni moluska, na jioni akaoga bwawani. Wapo konokono wa majini wanaoeneza kichocho. Mayai ya kimelea hufika majini kwa mkojo au kinyesi cha mgonjwa na kuanguliwa. Vimelea vichanga huingia ndani ya konokono, huongezeka humo, kisha hutoka na kupenya ngozi ya mtu aliye majini.

Kwa somo hili hatuwapeleki watoto bwawani. Mwalimu huleta konokono wa bustani, watoto humchunguza na kunawa mikono kwa sabuni. Halafu darasa huchora ramani ya mahali wanapochota maji, wanapooga na wanapojisaidia, na kufuata humo safari ya kimelea. Hapo ndipo huanza maswali kuhusu choo cha shule, na maswali hayo mwalimu hawezi kuyajibu peke yake.

Tunaziomba kamati zituletee, kabla ya semina, majina ya shule zisizo na choo cha kutosha zilizo jirani na bwawa au mto.