Kufungua Si Kuvunja: Thamani Iliyomo Katika Vifaa Vilivyotumika

*Mazungumzo ya Afisa Habari wa Halmashauri mbele ya wakazi, mafundi na wafanyabiashara wa vyuma chakavu wa Kata ya Ipuli*



Nimekuja kuzungumza juu ya vitu ambavyo kila nyumba inavyo: simu iliyokufa kabatini, televisheni ya chogo iliyogeuzwa meza, betri ya gari nyuma ya choo, waya zilizofungwa furushi. Vitu hivyo tunaviita taka. Ukweli ni kwamba ni mali iliyofungwa, na ina njia yake ya kufunguliwa.

Jambo hili si geni kwetu. Katika karne ya 19, misafara iliyopita kati ya Bagamoyo na Ujiji ilituona kama soko, na miongoni mwa bidhaa zilizouzwa hapa Tabora zilikuwamo jembe za chuma zilizofuliwa na wahunzi wa kaskazini-magharibi, Wasumbwa na Warongo. Chuma kilipatikana kwa jasho. Jembe lililolika halikutupwa porini. Mhunzi aliweza kulirudisha motoni likawa kisu au ncha ya mshale. Hata leo koroboi hutokana na kopo, makatambuga hutokana na tairi, na jiko la mkaa hutokana na bati la pipa. Wahenga walituonya tusitupe mbachao kwa msala upitao.

Lakini vifaa vya leo havifanani na jembe. Jembe ni chuma na mpini. Simu moja ina shaba, aluminiamu, plastiki, kioo, betri ya lithiamu, na chembe za fedha na dhahabu katika saketi yake. Ndugu zetu wa Nzega wanajua ni mawe kiasi gani husagwa ili kupata dhahabu kidogo. Basi tani moja ya simu zilizotumika huwa na dhahabu nyingi kuliko tani moja ya mawe ya kawaida ya mgodini. Hata hivyo, taarifa ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka 2024 inaonesha kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo.

Hapa ndipo nataka tutofautishe maneno mawili: kufungua na kuvunja. Mkoa wetu unasifika kwa asali. Mrina asali anajua kwamba anayeuchoma mzinga hula asali mara moja, kisha hana nyuki wala mzinga. Kifaa kilichochakaa ni hivyo hivyo.

Chukueni waya wa umeme. Anayeuchoma ili apate shaba hupata shaba nyeusi yenye kutu ya moto, ambayo huuzwa kwa bei ya chini kuliko shaba safi iliyomenywa kwa kisu. Amepoteza fedha, na moshi wa plastiki ile umebeba sumu, zikiwamo zile ziitwazo dayoksini, hadi kwenye mapafu ya mtoto wa jirani.

Chukueni friji. Gesi iliyomo inapaswa kutolewa na fundi mwenye chombo cha kuihifadhi kabla compressor haijakatwa. Baadhi ya gesi za friji za zamani huharibu tabaka la ozoni. Betri ya simu nayo ikitobolewa huweza kulipuka moto mkononi.

Hatari kubwa kuliko zote ni betri ya gari au ya sola. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni madini ya risasi, ndiyo maana ina mnunuzi. Lakini risasi ikiyeyushwa uani, vumbi lake hukaa kwenye udongo ambamo watoto huchezea. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama, na kwa mtoto hudhuru ubongo. Majirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi kando ya kiwanda cha kuyeyusha betri hadi kilipofungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fedha hizo haziwezi kurudisha akili ya mtoto iliyodhurika.

Basi tufuate mpangilio huu. Kwanza, kinachoweza kutengenezwa kitengenezwe. Pili, kisichotengenezeka kifunguliwe kwa bisibisi, na vipuri vizima, yaani kioo, spika, kamera, mota, viuzwe. Tatu, kinachobaki kitengwe: shaba kwake, aluminiamu kwake, chuma kwake. Nne, betri, saketi na chupa za televisheni za chogo zisiguswe kwa nyundo wala moto. Zihifadhiwe pakavu, zikiwa nzima, na kukabidhiwa kwa wakusanyaji wenye kibali.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004, pamoja na kanuni za mwaka 2021 kuhusu taka za vifaa vya umeme na elektroniki, zinaelekeza hivyo. Sheria hiyohiyo inazipa halmashauri wajibu wa kusimamia taka ngumu. Kwa hiyo mwananchi anayetenga taka nyumbani, kisha akaona zinachanganywa tena kwenye gari moja, ana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa mtaa, nasi tuna wajibu wa kujibu.

Ndugu wafanyabiashara, ninyi mna nguvu kuliko bango lolote. Siku mtakapokataa shaba iliyochomwa na betri iliyopasuliwa, na mkalipa vizuri zaidi kwa kilichofunguliwa vyema, moto utazimika wenyewe. Msinunue pia kwa watoto. Mtoto anayetafuta mia tano jalalani ndiye wa kwanza kuivuta sumu.

Sasa ni zamu yenu kuuliza, na ningependa mafundi waanze, kwa kuwa bisibisi iko mikononi mwao.