Atafunaye Mukombero na Aupande

Maneno yaliyosemwa kwa niaba ya Halmashauri mbele ya wanachama na wazee katika Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twaomba idhini yenu tuseme maneno machache juu ya jambo ambalo huenda wengine wakaliona dogo, baada ya kusomewa hesabu za fedha, ada za watoto wetu shuleni na gharama za mazishi. Jambo lenyewe ni mzizi mmoja tu. Lakini mzizi huo hapana hata mmoja katika nyumba hii asiyeujua, na kwa hakika wengine wanautafuna hivi sasa tunaposema. Huo ni mukombero.

Sisi tuliozaliwa kandokando ya msitu wa Kakamega tuliukuta mukombero nyumbani, na wazee wetu waliukuta pia. Ni mmea wa kutambaa, upandao juu ya miti mingine kwa kujizungusha. Majani yake ni mapana, yenye umbo la moyo; ukiukata, hutoka utomvu mweupe kama maziwa; maua yake yana rangi nyekundu iliyokoza; na matunda yake huota mawili mawili, nayo yakikauka hupasuka na kutoa mbegu zenye nywele laini zirukazo kwa upepo. Wataalamu wa mimea huuita Mondia whitei. Mizizi yake ina harufu nzuri kama ya vanila, na wanakemia wamegundua kwamba kiini cha harufu hiyo ni ndugu wa karibu wa kile kilichomo katika vanila yenyewe.

Tena si mmea wetu peke yetu. Waonekana tangu Afrika ya Magharibi hata Afrika ya Kusini. Ndugu zetu Wajaluo huuita ogombo. Watu wa Malawi huuita gondolosi. Wazulu huuita umondi, na kutoka katika neno hilo wataalamu walipata jina la Mondia. Kila mahali watu wameutumia kuamsha hamu ya chakula, kutuliza tumbo, na kuwapa wanaume nguvu. Watafiti wa Cameroon wameujaribu kwa panya wa maabara na kuandika waliyoyaona. Lakini panya si binadamu, wala hatusemi kwamba mukombero waponya kila ugonjwa. Mgonjwa na apelekwe hospitalini; na mama mjamzito, au mtu ameza dawa za daktari kila siku, na aulize kwanza kabla ya kutafuna.

Basi, yako wapi mashaka yetu? Mashaka ni haya: kitu tunachokitaka sisi ni mzizi. Achumaye majani huuacha mti ukiishi. Achumaye tunda huuacha mti ukiishi. Lakini ang'oaye mzizi wote amekwisha kuua mmea wenyewe, na mbegu zake, na wajukuu wake. Wazee wa zamani walichimba kwa kiasi, mzizi mmoja huku na mmoja kule, wakarudishia udongo. Siku hizi kijana huingia msituni na jembe, akatoka na gunia. Msitu wenyewe ulitiwa katika ulinzi wa Serikali mwaka 1933, na mwaka 1985 sehemu yake ya kaskazini ikafanywa Hifadhi ya Taifa. Hata hivyo ulinzi wa karatasi haukuzuia jembe. Huko Natal, katika Afrika Kusini, wauza dawa walichimba umondi hata ukawa adimu sana porini. Tusidhani kwamba kwetu hauwezi kwisha.

Katika mwaka huu wajumbe wetu walikwenda nyumbani, wakazungumza na vijana wachimbao. Kijana mmoja aliwajibu maneno yaliyotunyamazisha. Alisema, "Wazee, mimi sitafuni mukombero hata kidogo. Nachimba kwa sababu ninyi wa mjini mwaununua. Acheni kununua, nami nitaacha kuchimba." Wajumbe waliporudi na maneno hayo, Halmashauri yote ilitazamana. Maana ni kweli. Mwisho wa kila mwaka, ni nani asiyeagiza fungu la mukombero litokalo nyumbani? Katika sherehe ya chama hiki hiki, mwaka uliopita, sahani ya mukombero ilipitishwa toka meza hata meza, na sisi wanahalmashauri tulichukua vipande vinono. Yafaa tuseme wazi kwamba jembe lilikuwa mkononi mwa kijana, lakini fedha iliyolinoa ilitoka katika mifuko yetu.

Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu kijana yule na kumwacha bila riziki. Ada za shule ya mdogo wake hulipwa kwa magunia hayo. Dawa ya jambo hili si kukataza peke yake, bali ni kupanda, ili mzizi utoke shambani mwa mtu, naye auuze kwa haki pasipo kumkimbia mlinzi wa msitu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yakataza kutoa mazao katika msitu wa Serikali bila kibali, lakini haimkatazi mtu kuvuna alichokipanda katika shamba lake mwenyewe.

Sasa twaeleza jinsi ya kupanda, maana tumejaribu na tumekosea, na afadhali mjifunze kwa makosa yetu. Mara ya kwanza tuliokota mbegu, tukazitia katika kopo, na kopo likakaa kabatini ofisini kwa miezi mingi tukingojea kikao cha kuzigawa. Tulipozipanda, hazikuota. Tangu hapo tumefahamu kwamba mbegu za mukombero zafaa kupandwa zikiwa mbichi. Tunda likianza kukauka, lifunge kwa kitambaa chepesi kabla halijapasuka, la sivyo upepo utavuna kabla yako. Toa mbegu, ondoa nywele zake, uzipande mara moja katika kitalu chenye udongo mwororo uliochanganywa na mchanga na mboji, uzifunike kwa udongo kidogo tu, na juu yake uweke kivuli cha majani. Nyunyiza maji bila kutuamisha. Miche itoapo majani kadhaa, ihamishie katika mifuko au makopo yaliyotobolewa chini.

Njia ya pili ni ya vipandikizi. Chagua shina lisilo changa mno wala kuukuu, lenye unene kama wa kalamu. Kata kipande chenye vifundo viwili au vitatu, ondoa majani ya chini, ufute utomvu kwa kitambaa kilicholowa. Kizike kifundo cha chini katika mchanga uliochanganywa na udongo wa msituni, na kitalu ukifunike kwa karatasi ya nailoni ili unyevu usitoke. Hapa nasi tulikosea mara ya pili: mwangalizi wetu, kwa bidii yake njema, alimwagilia asubuhi, adhuhuri na jioni, na vipandikizi karibu vyote vikaoza. Mukombero hupenda unyevu, lakini haupendi kusimama katika maji. Tulipopunguza maji na kuongeza mchanga, vipandikizi vilishika. Wako pia wataalamu wa Afrika Kusini waliotangaza mwaka 1998 njia ya kuikuza miche katika chupa za maabara kutokana na vifundo vya shina; lakini kazi hiyo yataka mitambo, na sisi twaweza kuanza na mikono yetu.

Mche ukishapata nguvu, upande mwanzo wa mvua za masika. Chimba shimo, utie samadi iliyooza vizuri, na uchague mahali penye kivuli kidogo, karibu na mti imara wa kuukwea. Usiupande chini ya mti mchanga wa matunda, kwa maana mukombero una nguvu nao utaulemea. Asiye na mti na asimamishe mti mkavu imara. Na mbuzi wafungwe mbali.

La mwisho ni kuvuna, nalo ndilo kubwa kuliko yote, kwani atakayevuna shambani kama alivyovuna msituni atakuwa amepanda bure. Usiuguse mmea kabla haujatimiza miaka miwili, na ukingoja zaidi ni bora. Halafu chimba upande mmoja tu. Chukua mizizi ya pembeni, uache shina na mizizi ya upande wa pili, kisha rudisha udongo na samadi. Safari nyingine chimba upande ule mwingine. Hivyo mmea mmoja utakulisha wewe, na baadaye mwanao.

Ndugu wanachama, twajua kwamba jambo hili lilileta mabishano katika kikao cha wazee. Mzee mmoja alisema kwamba maarifa ya mizizi ni mali ya nyumba, na kwamba tukiyatangaza katika kitabu cha chama, wageni watayachukua na kujitajirisha. Hatukuyapuuza maneno yake. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, yaiagiza Serikali kuyalinda maarifa ya wenyeji juu ya mimea na viumbe, na mwaka 2016 ilipitishwa sheria maalumu ya kulinda maarifa ya jadi. Kwa hiyo wenye siri za tiba na wazitunze, wala hatumwombi mtu yeyote afichue dawa ya ukoo wake. Lakini namna ya kuotesha mche si siri ya tiba. Na siri ya mmea uliokwisha kutoweka yamfaa nani? Mzee yule alifikiri kitambo, kisha akasema kwamba yeye mwenyewe atatoa mahali pa kitalu, ukingoni mwa mto, katika shamba lake. Twamshukuru mbele ya mkutano huu.

Basi Halmashauri yaleta kwenu maombi manne. Kwanza, kila tawi lianzishe kitalu kabla ya mvua zijazo. Pili, kila mwanachama aendaye nyumbani mwisho wa mwaka apande mikombero miwili kwake, ndipo aagize fungu la kutafuna. Tatu, vijana wachimbao waitwe wawe watunzaji wa vitalu, walipwe kwa miche waikuzayo, na wazee wawafundishe kuchimba kwa kiasi. Nne, chama hiki kisinunue tena kwa sherehe zake mukombero uliong'olewa msituni. Ikiwa sahani itakuwa tupu kwa miaka miwili au mitatu, na iwe tupu, tutakunywa chai.

Wahenga walisema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumeinama miaka mingi kwa kuchimba. Sasa yatupasa kuinama mara moja tena, kwa kupanda. Tukifanya hivyo, mtoto atakayesimama hapa baada yetu hatausimulia mukombero kama habari ya kale, bali atautoa mfukoni, aukate, na kumgawia jirani yake.